Haibridi yangu ilipogoma kwenye theluji

Nimekuwa kimya kidogo, lakini leo nina kisa. Kinahusu gari, ingawa mtaona kwamba programu imo ndani yake.

Mwaka wa 2018, nikiwa Minneapolis, Marekani, nilinunua haibridi ya mtumba, yaani gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya stima. Mimi mwandishi wa programu, gari linaloongozwa na tarakilishi ningeliachaje? Wakati wa joto lilinifurahisha sana. Kwenye taa nyekundu injini ilijizima, na nilipokanyaga breki mota iligeuka jenereta na kurudisha stima kwenye betri.

Kisha baridi ikaja. Tarehe 30 Januari 2019 kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, hata posta ikasimamisha kupeleka barua. Injini ikaacha kujizima kwenye taa. Sababu yake ni rahisi: joto la ndani ya gari hutoka kwenye maji yanayopoza injini, kwa hivyo ukitaka hita, injini lazima ingurume. Betri nayo ikiwa baridi haipokei wala kutoa stima kama kawaida. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema haibridi inaweza kupoteza asilimia 30 hadi 34 ya umbali inaokwenda kwa kila lita, hewa ikishuka kutoka nyuzi 25 hadi 7 hivi chini ya sifuri.

Hilo lilikuwa la mfuko tu. La pili lilinitoa jasho kwenye baridi.

Februari hiyo mji ulipata theluji ya inchi 39, karibu mita moja, rekodi ya mwezi huo. Usiku mmoja dada yangu mkubwa, ambaye hutunza wazee, alimaliza zamu saa tano akaenda kituoni. Basi halikuja. Akanitumia ujumbe: "Mdogo wangu, njoo unichukue. Miguu siisikii."

Nilitoka mbio. Zikiwa zimebaki kama mita 300, nilisimama kwenye njia panda yenye mwinuko mdogo. Nilipokanyaga mafuta, magurudumu yalizunguka kidogo, taa ya kuteleza ikamweka, halafu kimya. Nikakanyaga zaidi. Kimya.

Mimi nimekulia Mwea, na tope la udongo mweusi nalijua. Ukikwama unakanyaga mafuta, tairi zinakwangua hadi zipate pa kushika, watu wanasukuma. Hapa tarakilishi ilikataa, na nilielewa kwa nini. Mota ya stima hutoa nguvu nyingi tangu mwanzo kabisa, na katika gari langu imeunganishwa na magurudumu bila klachi. Gurudumu likizunguka ovyo, mota nayo huzunguka kupita kiasi. Kwa hivyo mtu fulani aliandika: gurudumu likiteleza, kata nguvu. Nami nimeandika mistari mingi ya namna hiyo, ya kumkatalia mtumiaji kwa faida yake, bila kumwazia akiwa mlimani usiku huku mtu anamngoja.

Niliwasha taa za tahadhari, nikaliacha gari, nikakimbia kwa miguu. Nilimkuta akirukaruka ili asigande. Tulirudi tukaingia garini, na injini ile ile niliyoilaumu kwa kula petroli ikatupasha joto hadi akaanza kuvihisi vidole vyake. Baadaye mzee mmoja wa mtaani alitoka na sepetu na mfuko wa mchanga. Akamwaga mchanga mbele ya tairi, na gari likaondoka kana kwamba halikugoma.

Dada akasema: "Mdogo wangu, gari lako lina akili nyingi, lakini limevaa viatu vibaya."

Alisema kweli. Wiki hiyo nilinunua tairi za majira ya baridi, ambazo raba yake haikakamai kwenye baridi, na kile kilima sikukwama tena. Tarakilishi inaweza kugawa mshiko uliopo, lakini haiwezi kuuzalisha.

Kwenu Nairobi, ambako haibridi za mtumba zimejaa, theluji haiwahusu, lakini tope la Aprili lipo. Kabla ya kuuliza gari linakula lita ngapi, inama uangalie tairi.

Haya, kwa leo ni hayo. Je, gari lako limewahi kukukatalia?