P900 ama SX60? Nilikaa na zote wiki mbili, hii ndio nilichukua

Kuna maswali mawili huwa naulizwa sana siku hizi. La kwanza ni la mathe: "Utarudi chuo lini?" La pili ni lenu kule inboksi: "Nikon P900 ama Canon SX60, nichukue gani?" Leo najibu la pili. La kwanza litajijibu kiasi tukiendelea.

Kwa wageni hapa: nilitoka chuo nikiwa mwaka wa pili. Sikufukuzwa na sikufeli. Karo ilikwama, nikakosa muhula mmoja, halafu hela kidogo za kupiga picha zikaanza kuingia, na sikurudi. Tangu hapo nimekuwa nikishuti Ruiru na Thika kwa simu: mechi za mtaa, ruracio, mahafali ya nasari, duka likifunguliwa. Simu inafanya kazi poa mpaka kitu kiwe mbali. Mchezaji akiwa upande ule mwingine wa uwanja, simu inakupa sisimizi amevaa jezi.

Sasa, zamu ya mathe kwa chama ilipofika, alinitumia Sh30,000 kwa M-Pesa, halafu akanipigia. "Hiyo ni ya shule ama ya kazi. Chagua moja, na usinipigie tena juu ya hiyo maneno." Mimi nilikuwa na Sh16,000 zangu. Jumla Sh46,000. Jamaa mmoja wa Thika alikuwa anauza P900 yake kwa hizo Sh46,000 kamili. Mama mmoja anayeshuti harusi hapa Ruiru alikuwa na SX60 ya Sh29,000. Wote wananijua, kwa hivyo kila mmoja alinipa kamera nikae nayo wiki moja kabla ya kutoa pesa.

Kwanza, zinafanana wapi? Zote ni za kitambo. SX60 HS ilitoka 2014, P900 ikatoka 2015. Zote zina megapikseli 16, skrini ya kugeuzwa upande wowote, na lenzi ambayo haitoki. Na zote zina sensa ndogo sana, kama milimita 6 kwa milimita 4 na nusu. Ukucha wako wa kidole cha mwisho ni mkubwa kuliko hiyo. Sensa ya zile kamera kubwa za harusi za bei ni milimita 36 kwa 24, yaani eneo lake ni karibu mara 30.

Hiyo sensa ndogo ndiyo siri ya zumu. Kwa sababu inakata kipande kidogo tu cha kile lenzi inaona, lenzi fupi inafanya kazi ya lenzi ndefu. SX60 inaenda mara 65, sawa na milimita 1365 kwa kamera kubwa. P900 inaenda mara 83, sawa na milimita 2000. Lenzi ya hivyo kwa kamera kubwa ungebeba na mkokoteni. Lakini unalipa mahali pengine: sensa ndogo inashika mwanga kidogo, na ukivuta zumu mpaka mwisho zote mbili tundu la lenzi linabaki f/6.5, ambalo ni dogo. Jua likizama, picha inajaa chenga kama unga wa ugali.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya P900. Siku ya kwanza nilipanda juu ya ploti yetu nikangoja mwezi. Wasee, sitadanganya, nilipiga kelele. Mwezi unajaza kama asilimia 70 ya kimo cha picha, unaona mashimo, unaona hata vile unasonga utoke kwa fremu. Wiki iliyofuata nilifanya hivyo hivyo na SX60, mwezi ukajaza karibu nusu. Bado ni poa, lakini hakuna mtu alipiga kelele.

Jumamosi nikapanda mat ya Thika, nikaenda uwanjani. Jua la saa tisa P900 ni moto: uso wa golikipa wa mbali unauona mpaka jasho. Tatizo ni mbili. Ukipiga picha mfululizo, inachukua 7 halafu inasimama kidogo ijipange, na bao huwa haliisubiri. Pili, ina uzito wa gramu 899, na SX60 ni kama gramu 650. Dakika 90 mikononi, hiyo tofauti unaisikia kwa kiwiko. Kwa upande mwingine, P900 unaichaji na waya wa USB, hata kwa pawabanki. SX60 lazima utoe betri uiweke kwa chaja yake. Mtu wa ploti ambapo stima hupotea bila kubisha anaelewa kwa nini nataja hiyo.

Kitu kingine: usijaribu zumu ya mwisho mchana juu ya lami. Nilijaribu nikiwa kwa daraja la watembea kwa miguu la Thika Road. Joto linapanda kutoka barabarani, hewa inacheza, na magari yanatokea kama yako ndani ya maji. Hapo hata ungekuwa na kamera ya milioni. Enda asubuhi.

Sasa hapa ndio sehemu sikutaka kuandika.

Jumatatu jioni nilikuwa juu ya ploti tena. Chini, ng'ambo ya barabara, kama mita 80 hivi, kuna mama mboga ambaye mathe hununua kwake kila siku. Nikavuta P900 mpaka mwisho. Alikuwa anahesabu shilingi, halafu akachukua leso akapanguza macho. Taa ya jioni ilikuwa tamu. Nikarekodi sekunde 20, nikaweka muziki wa piano na maneno "Hakuna anayejua anapitia nini". Nikapost.

Watu 41,000 walitazama. Hiyo ndiyo vidio yangu kubwa zaidi mpaka leo. Maoni yalikuwa ya machozi tupu, watu wakiuliza nambari yake wamtumie kitu. Nikajiambia, hii P900 nachukua, kwisha.

Alhamisi mathe akanituma sukuma. Nilipofika, yule mama hakuchukua pesa yangu. Aliniangalia tu.

"Ni wewe ulinipiga picha ukiwa juu ya nyumba?"

Nikanyamaza.

"Sikuwa nalia, kijana. Ule wa mahindi alikuwa amewasha jiko hapa kando, moshi ukaniingia. Sasa binti yangu shuleni wanamwambia mamake analia barabarani. Mbona hukuteremka uniulize? Si hapa unanunuanga kila siku?"

Nikarudi nyumbani na sukuma zangu na aibu yangu, nikafungua ile vidio. Kweli jiko halionekani. Kwa umbali ule, zumu ya P900 ikiwa mwisho, fremu nzima ina upana wa kama mita moja na nusu. Ni yeye, leso, na shilingi. Jiko la mahindi lilikuwa hatua mbili kando, na mimi kwa macho yangu bila kamera ningeliona. Nilikuwa nimemvuta karibu mpaka nikakata kila kitu ambacho kingeeleza kile anafanya. SX60 pale pale ingenipa mita mbili na kidogo. Pengine moshi ungeingia, pengine la. Siwezi kulaumu kamera. Muziki wa piano niliweka mwenyewe.

Nilifuta usiku huo. Niliumwa, wacha niseme ukweli, nikiangalia ile nambari ikipotea. Na kabla mtu aniambie barabara ni ya kila mtu: Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na uso wako ni data. Mwaka 2023 kamishna wa data alipiga faini kilabu kimoja Nairobi ya Sh1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa. Shule moja ikapigwa Sh4,550,000 kwa picha za watoto. Mimi nilikuwa na Sh46,000. Lakini hata bila sheria, huyo ni mtu tunayemkopa nyanya.

Wiki ya pili nikachukua SX60. Nilienda nikaomba msamaha kwanza, bila kamera. Siku ya tatu yeye ndiye aliniuliza, "Sasa hiyo mashine yako inafanyaje?" Nikamwonyesha. Akasema nirudi saa kumi na moja asubuhi akishuka na mzigo kutoka Githurai.

Hapo ndio tofauti kubwa ya hizi kamera ilitokea, na haiko kwa zumu. SX60 ina tundu la maiki. P900 haina, hakuna pa kuchomeka maiki. Nilinunua maiki ya kubana kwa shati, Sh1,500, nikambandikia kwa leso. Bodaboda zinapita, makanga wanaita, na bado sauti yake inasikika safi. Aliongea dakika nne: bei ya gunia la sukuma, deni za wateja (akaangalia kamera akacheka, nikajua ni sisi), na binti anayetaka kuwa nesi. Nilisimama mita moja na nusu kutoka kwake. Zumu sikuigusa.

SX60 pia inapiga RAW, na P900 hapana, ni JPEG tu. Kulikuwa bado na giza, uso wake ukatoka mweusi kwa picha moja, nikaweza kuufufua kiasi. Chenga ziko, lakini macho yanaonekana. JPEG ya P900 ingenipa kidogo sana cha kufufua.

Kwa hivyo, jibu. Kama kazi yako ni ndege pale Fourteen Falls, mwezi, ama kufurahia kuona mbali, chukua P900, utaipenda. Ukipata pesa zaidi tafuta P950 ya 2020, hiyo iliongezewa RAW na tundu la maiki. Kama unashuti watu wanaoongea, chukua SX60 na ununue maiki. Kama ni harusi za usiku ukumbini, usichukue yoyote kati ya hizi, tafuta sensa kubwa hata kama ni mtumba mzee.

Mimi nilichukua SX60. Vidio ya mama mboga imetazamwa na watu 2,300. Alikubali kila sekunde kabla nipost, na kuna sehemu moja alisema toa, nikatoa.

Nikamrudishia mathe Sh10,000, na nikamwambia nimechagua kazi. Alikaa kimya kwa simu, kisha akasema hiyo imefika wakati mzuri, kesho ni chama. Halafu akauliza kama ile deni ya nyanya tulilipa.

Tumelipa.