Faini Inalipwa na Sufuria

Akina mama wenzetu, sisi tunaokaa Mlandege hapa Iringa tunazijua faini za barabarani ingawa wengi wetu hatuna leseni. Kijana wa bodaboda akiandikiwa, hela ya unga na ya madaftari ndiyo inayokwenda kulipa.

Zamani faini ya pikipiki ilikuwa shilingi 30,000 kwa kosa moja, sawa na ya gari. Mwaka 2021 Serikali iliishusha hadi 10,000 kwa bodaboda na bajaji. Tulifurahi, wala hatuoni aibu kusema hivyo. Elfu thelathini ya mwenye gari lake na ya kijana anayeendesha pikipiki ya mtu si hela moja. Huko Ufini, tangu mwaka 1921, faini hupimwa kwa kipato. Mwaka 2002 mkurugenzi mmoja alitozwa euro 116,000 kwa kukimbiza pikipiki kilomita 75 kwa saa, mahali pa 50!

Wapo wanaosema faini ikiwa ndogo vijana watajisahau. Lakini hata ilipokuwa kubwa, mishikaki tuliiona kila siku. Kilichozidi ni ujanja tu: kukatiza vichochoroni, kushusha abiria kabla ya kumfikia trafiki. Hata madereva wa mabasi hupigiana taa kwamba mbele kuna tochi. Wakishaipita, mguu unarudi pale pale. Dereva hupunguza mwendo anapojua atakamatwa, na kama hana uhakika wa hilo, ukubwa wa faini haumtishi.

Halafu kuna hesabu. Kijana akilipa faini asubuhi, jioni tajiri anadai hesabu yake yote. Afanyeje? Anakimbia zaidi. Adhabu ya mwendo kasi inazaa mwendo kasi, na mwenye chombo haguswi.

Hatutetei uzembe. Hatujasahau Machi 2015, pale Changarawe, Mafinga, basi lilipogongana na lori na watu zaidi ya 40 wakafa. Tunachotaka ni faini imfikie kila mwenye mkono katika kosa. Akina mama walionunua pikipiki kwa fedha za vikoba nao ni matajiri. Waulize kijana ameandikiwa kwa kosa gani kabla ya kudai hesabu.

Na mtoto wa tatu anapopakiwa asubuhi kwenda shule, aliyeiita bodaboda ni mama. Anayeandikiwa ni kijana.