Kufuli la Kuuzia Wageni

Sisi Waswahili wa Sulimaniyah, iwe ile ya Riyadh inayopakana na Olaya au ile ya Jeddah yenye Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz, tuna jambo moja linalotuunganisha: nyumba zetu tunaziendesha kwa mbali. Namba ya kupokelea fedha, majibu ya hospitali ya mama, ugomvi wa kiwanja, hata mashauri ya ndoa, vyote hupita kwenye waya. Kwa hiyo nani anaweza kuyasoma maneno yetu njiani si swali la mafundi wa kompyuta peke yao. Ni swali letu.

Wazee wetu walikuwa na dawa yake. Kwetu pwani, ukitaka kusema mbele ya asiyehusika, unasema kinyume: silabi ya mwisho inatangulia, kesho ikawa shoke, nyumba ikawa mbanyu. Programu za kufumba ujumbe hufanya kazi hiyo hiyo kwa hesabu. Tofauti ni kwamba kinyume akishakijua mtu, siri imekwisha. Lakini katika programu hizi kanuni inaweza kujulikana na dunia nzima, na siri ikabaki kwenye ufunguo tu.

Marekani kwa miaka mingi iliziweka programu hizo katika orodha moja na silaha, na kuzipeleka nje kulihitaji kibali. Phil Zimmermann alipotoa programu yake ya PGP mwaka 1991, nayo ikavuka mipaka kupitia intaneti, alichunguzwa tangu 1993 hadi Januari 1996, kesi ikafungwa bila mashitaka. Kisha wenzake wakaona mwanya: programu ilikatazwa, lakini kitabu hakikukatazwa. Wakaichapa kwenye maelfu ya kurasa, vitabu vikasafirishwa Ulaya kihalali, na mwaka 1997 huko vikasomwa kwa mashine na kugeuzwa programu tena.

Walioumizwa na sheria ile walikuwa watu wa kawaida. Saudia ilipoufungulia umma intaneti mwaka 1999, programu za Kimarekani za kutembelea mtandao zilikuwa za namna mbili. Wenyewe walitumia kufuli la biti 128; toleo la kawaida la kupelekwa nje lilikuwa la biti 40. Kufuli hilo la pili lilikuwa la kuchezea: Januari 1997 Ian Goldberg, mwanafunzi wa Berkeley, alilifungua kwa saa tatu na nusu akitumia kompyuta zipatazo 250. Masharti yalilegezwa Januari 2000, lakini si kwa kila mtu. Sudan, kwa mfano, ilibaki nje, hivyo programu iliyopatikana Riyadh haikuruhusiwa kupelekwa Khartoum, ng'ambo tu ya bahari.

Ndugu zangu, mchimba kisima huingia mwenyewe. Machi 2015 wataalamu waligundua kwamba mitambo mingi bado ilikubali ule ufunguo dhaifu wa kuuzia wageni, na mwizi angeweza kuilazimisha iutumie. Miongoni mwa tovuti zilizokutwa na kasoro hiyo zilikuwemo za serikali ya Marekani yenyewe.

Huku Ghuba ugomvi ulikuja kwa mlango mwingine. Agosti 2010 tume ya mawasiliano ya Saudia ilitangaza kusimamisha ujumbe wa BlackBerry, kwa kuwa haukutimiza masharti yake. Siku chache baadaye ukaruhusiwa kuendelea, mazungumzo na kampuni ya Kanada yakiwa yamefika mahali. Juni 2013 Viber ilifungwa. Septemba 2017 marufuku ya simu za intaneti iliondolewa kwa zile zilizotimiza masharti. Katika miaka ile mwenye fedha alipata njia nyingine. Aliyekatiwa sauti ya watoto wake ni yule aliyehesabu riyali moja moja.

Tunaielewa hofu ya serikali. Mhalifu naye hufunga mlango. Lakini mwaka 2016 Bruce Schneier na wenzake walihesabu bidhaa 865 za kufumba ujumbe kutoka nchi 55, na zaidi ya nusu hazikutoka Marekani. Mhalifu akinyimwa hili atachukua lile. Anayebaki na kufuli bovu ni yule asiyejua kwamba kuna jingine.

Basi tusiwe sisi. Tunaponunua simu au kuwawekea wazee nyumbani programu ya mazungumzo, tusiishie kuuliza bei. Tuulize ufunguo unakaa kwa nani: kwetu, kwa kampuni, au kwa mtu wa tatu. Na tuulize pia kama aliyelitengeneza kufuli hili naye analala nyuma ya kufuli hilo hilo. Akisita kujibu, namba ya fedha za mama tusiipitishe hapo.