Wakasema Nimeuza Foleni

Namshukuru Mungu kwamba leo naweza kulisimulia jambo hili bila sauti kukatika. Mwishoni mwa mwaka 2018 nilikuwa natunza tovuti ya chama cha kuweka na kukopa mjini Morogoro. Kila mwezi waombaji wa mikopo walipangwa kwa alama, kutokana na hisa, muda wa uanachama na marejesho. Mwenye alama nyingi anakaa juu, anakopeshwa kwanza. Mfumo uliandikwa na fundi aliyenitangulia, na ulikwenda vizuri mpaka asubuhi moja orodha ikatoka shaghalabaghala. Kijana wa mtaani kwetu, alama 31, wa kwanza. Mama mmoja fundi cherehani, alama 88, mkiani kabisa.

Maneno yakaanza hapohapo: nimekula hongo. Mhasibu alifungua ukurasa uleule nyumbani kwake kwa Firefox akakuta orodha imenyooka, na badala ya kuniokoa, jambo hilo likanizamisha. Sasa ikawa nina orodha mbili, moja ya kuonyesha na moja ya kuuza. Malipo yangu yakazuiwa wakati ada ya mtoto inadaiwa. Watu niliokuwa nasali nao wakawa wananijibu salamu huku wanaangalia pembeni.

Kumbe kosa lilikuwa kwenye namna ya kupanga. Ukiiagiza JavaScript, lugha iliyoandikiwa mfumo ule, ipange safu kwa utaratibu wako, inachukua vitu viwiliviwili na kuiuliza fanksheni uliyoipa. Jibu linatakiwa kuwa namba: hasi, wa kwanza atangulie, chanya, wa pili atangulie, sifuri, wamelingana. Fundi yule aliandika a.alama < b.alama. Hilo ni swali la ndiyo au hapana, na kwenye kupanga, ndiyo huhesabiwa 1 na hapana 0. Hasi haitokei kamwe.

Ofisini tulitumia Chrome. Chrome ya zamani, kwa safu isiyozidi vitu kumi, ilitumia njia iliyoangalia tu kama jibu limezidi sifuri, na waombaji wetu walikuwa hawavuki kumi. Oktoba 2018 ikatoka Chrome 70 ikiwa na njia nyingine, Timsort, ambayo Tim Peters aliibuni mwaka 2002 kwa ajili ya Python. Yenyewe inaanza kwa kutafuta hasi. Isipoiona, inachukulia kwamba safu yote imeshapangwa, inaiacha kama ilivyo. Kompyuta ya ofisi ilikuwa imejisasisha yenyewe, na kumbe tulichokuwa tunasoma ni mfuatano wa waliowahi kuleta fomu.

Haya niliyajua usiku, nilipoiagiza programu initolee kila jibu kwenye skrini. 1, 0, 0, 1, 0, bila alama ya kutoa hata moja. Nililia.

Kwenye mkutano sikufungua kompyuta. Niliomba vitabu vya akiba vya waombaji, nikavipanga mezani kwa kuuliza kama mashine inavyouliza, kwanza kwa majibu mawili, kisha kwa matatu. Mwenyekiti alivitazama kimya, akasema, "Kwa hiyo, mwanangu, hii mashine ilikuwa haina namna ya kusema huyu wa kwanza atangulie?" Nikamjibu, "Ndiyo, mzee, haikupewa." Ukumbi ukaanza kunong'ona, lakini safari hii kwa sauti nyingine.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mstari mmoja, b.alama - a.alama. Nikaongeza kwamba tofauti ikiwa sifuri itazamwe tarehe ya maombi, maana wenye alama sawa ndio wenye kinyongo kikali zaidi, na siyo haki kuiachia bahati iwapange.

Fundi cherehani alipata mkopo wake, na mimi malipo yangu yalitoka. Yule kijana wa alama 31, ambaye hakuwa amemwomba mtu chochote, alikuwa ameshaondoa fomu yake kwa aibu. Nilimfuata kwao nikamweleza yote mbele ya mama yake. Alinisikiliza kwa heshima, akanishukuru, lakini chamani hajarudi.