Mfarishi wa Leso za Hawe

Watu wa bara wanaamini Pwani hakuna baridi. Waje Kaloleni mwezi wa Julai, saa kumi alfajiri, upepo wa kusi ukipita kwenye minazi na manyunyu yameshalowesha makuti. Shuka peke yake haitoshi, na blanketi zito linakutoa jasho. Nyumbani kwetu jibu ni mfarishi: leso kuukuu juu, leso kuukuu chini, katikati blanketi lililochakaa, vyote vikashikanishwa kwa bandi, mstari baada ya mstari. Ukifuliwa mara kumi ndipo unapokuwa mtamu.

Hawe, yaani bibi mzaa baba, alipofariki aliacha sanduku la leso. Nyingine zilikuwa laini kama karatasi ya kale, nyingine hazijawahi kuguswa na maji. Mama akapendekeza zile kuukuu zishonwe mifarishi, kila mjukuu apate wake. Shangazi akanyamaza kwanza, halafu akasema, "Wifi, huyo ni mama yangu unayetaka kumtia mkasi."

Nani angemjibu? Mama ni mke aliyeolewa pale. Sanduku si la mamake. Alisema tu kwamba mende hawajui urithi, akaenda zake jikoni.

Mimi nilimwelewa shangazi. Leso si kitambaa tu. Ina pindo, ina mji, na ina jina, yale maneno ya chini ambayo mwanamke huyachagua akijua nani atayasoma. Ukikata ovyo, unamkata mtu kauli.

Lakini pia leso yenyewe ilizaliwa kwa kuunganishwa. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Pwani walinunua vitambaa vya mkononi vilivyoletwa na Wareno, wakashona sita pamoja kupata vazi moja. Hata neno leso asili yake ni Kireno. Baadaye ndipo wafanyabiashara wakaanza kuleta nguo nzima iliyochapwa. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, wenye leso za "Mali ya Abdulla", wako kazini tangu 1887.

Na ng'ambo ya bahari hii hii, huko Karnataka, India, wapo Wasiddi, wazao wa Waafrika. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kutokana na nguo kuukuu za familia. Huanzia ukingoni, wakazunguka hadi kufika katikati, na kwenye pembe huweka vitambaa vilivyokunjwa viitwavyo phula, yaani maua. Nilimwonyesha shangazi picha kwenye simu. Akaivuta karibu na macho, akatazama sana. "Kumbe nao wana hawe wao," akasema.

Hakusema ndiyo. Lakini Jumamosi iliyofuata alikuja na sindano yake na masharti mawili: leso mpya zisiguswe, na jina lisikatwe katikati. Wakaketi mkekani, yeye na mama, kila mmoja upande wake wa mfarishi. Maongezi yalikuwa machache, tena ya uzi na mkasi tu. Kufika adhuhuri shangazi alikuwa ameanza kusimulia leso ipi hawe aliinunua baada ya kuuza nazi, na ipi alimfungia yeye mgongoni. Mama hakuwahi kuyasikia hayo, na amekaa boma lile miaka mingi.

Wangu niko nao Nairobi, bedsita ya Roysambu, ambako Julai haina mchezo. Naujifunika kila usiku. Wenzangu wananiuliza kwa nini nisiutundike ukutani, eti ni sanaa. Umeshachanika pembe moja, nikaubandika kipande cha kitenge nilichopewa bure na fundi wa mtaani. Shangazi akipiga simu, salamu zikiisha, swali lake ni lile lile: "Unaulalia, au umeuficha?"

Naulalia, shangazi.