Nukta Nyekundu au Darubini? Jicho Ndilo Hakimu

Usishtuke kuona bunduki katika ukurasa wa familia. Hapa Machakos kulenga shabaha si jambo geni. Mababu wa Wakamba walisifika kwa uta na mishale, bila kioo wala betri. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka wa 1977, na siku hizi mwenye leseni hulenga makaratasi katika viwanja kama ule wa Stoni Athi, humu humu katika kaunti yetu.

Mjomba wangu ni mmoja wao. Amepita miaka 60, na vyuma vya kulengea vilivyo juu ya bunduki vimeanza kumpiga chenga. Akikazia macho chuma, shabaha inageuka ukungu. Akitazama shabaha, chuma kinapotea. Alikuwa na pesa za kifaa kimoja tu. Nyumba nzima ikawa bunge! Wanawe walitaka anunue nukta nyekundu, rafiki zake wakataka darubini, naye mkewe akauliza kama karo imekwisha kulipwa.

Je, tofauti ni ipi? Nukta nyekundu ni kioo kidogo kinachorudisha jichoni mwanga wa taa ndogo ya betri. Kampuni ya Aimpoint ya Uswidi ilianza kuiuza mwaka wa 1975. Haikuzi kitu. Unafungua macho yote mawili, unaweka nukta juu ya shabaha, basi. Ni nyepesi na ya haraka. Lakini kwa mbali ina kasoro: nukta inayofunika sentimita 6 kwenye mita 100 itafunika sentimita 18 kwenye mita 300.

Darubini nayo huvuta. Ya mara 4 huifanya shabaha ya mita 400 ionekane kama iko mita 100. Hata hivyo, kila kitu kina gharama yake. Eneo unaloliona hupungua, mtikisiko wa mkono hukuzwa pia, na jicho sharti likae sentimita kadhaa nyuma ya kioo, la sivyo bunduki ikirudi nyuma itakupasua nyusi.

Mjomba aliazima nukta ya mwenzake ajaribu. Wenzake waliona nukta, yeye akaona nyota iliyopasuka! Mkewe ndiye aliyeshuku. "Na taa za magari usiku unazionaje?" akamuuliza. Mzee akakiri kwamba nazo huziona zimetawanyika hivyo hivyo. Na huyu ndiye anayewabeba wajukuu katika barabara ya Mombasa jua likishatua!

Daktari wa macho alieleza kwamba uso wa jicho lake haukupinda sawasawa kila upande, hivyo mwanga haukutani mahali pamoja. Ni hali ya kawaida, na dawa yake ni miwani. Pesa za kifaa zikaenda huko kwanza. Miezi kadhaa baadaye ndipo aliponunua darubini ndogo ya mara 4, kwa kuwa yeye hulenga mita 300, tena kwa utulivu.

Basi msomaji, anayelenga karibu na kwa haraka, nukta yamtosha. Anayelenga mbali, darubini. Ila darubini ya bunduki usiitumie kamwe kutazamia watu, kwani kinapotazama kioo ndipo mtutu unapoelekea. Na kabla ya kununua kioo chochote, kapimwe macho. Una yapi mengine?