James Kelman: Msimulizi Aliyekataa Kubadili Lugha

Riwaya ya kisasa ya Uskoti wengi wetu tuliijua kupitia Irvine Welsh, kwa sababu ya filamu. Mimi hurudi daima kwa aliyemtangulia, James Kelman. Alizaliwa Glasgow mwaka 1946, akaacha shule akiwa na miaka 15, akajifunza kazi ya kupanga herufi za chapa, na baadaye akaendesha mabasi. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1973, tena Marekani, si kwao.

Katika riwaya nyingi za Uingereza, mfanyakazi aliruhusiwa kusema kama watu wa kwao ndani ya alama za mtajo tu. Alama zikifungwa, msimulizi alirejea Kiingereza cha wenye nafasi na kumweleza mtu huyo kana kwamba hayupo. Kelman aliziondoa alama hizo. Kwake, anayesimuliwa na anayesimulia wana lugha moja.

Mwaka 1994 riwaya yake *How Late It Was, How Late* ilipata Tuzo ya Booker. Mmoja wa waamuzi, Julia Neuberger, aliuita uamuzi huo aibu, hadharani. Wengine walihesabu matusi. (Kuhesabu matusi ni kazi rahisi kuliko kusoma.) Kelman alijibu kwamba lugha na utamaduni wake vina haki ya kuwapo.

Kilichowapita wahesabuji ni kisa chenyewe. Sammy, mfungwa wa zamani, anapigwa na polisi na kuzinduka akiwa kipofu. Kisha anazunguka maofisini kuthibitisha kwamba haoni. Wanaomhoji ni wapole, maneno yao yamenyooka, na daktari hataki kutamka wazi kwamba mtu huyu ni kipofu. Nikisoma kurasa hizo humkumbuka mzee mmoja niliyeketi naye kwenye benchi la ofisi fulani ya umma. Karani alimtaka aeleze shida yake vizuri, ilhali alikuwa ameieleza vizuri kabisa, kwa lafudhi ya kwao.

Watumishi wa umma wanaonisoma wasidhani Kelman aliyajua hayo kwa kubuni tu. Alishiriki katika harakati za wafanyakazi wa eneo la mto Clyde walioumizwa mapafu na asbesto, watu waliotakiwa kuthibitisha kwa karatasi kwamba wanashindwa kupumua.